TUNUNUE KIFAA GANI CHA MENO YA PUNDA?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika kituo cha kisomo, mbele ya kikundi cha wafugaji wa kijiji kimoja mkoani Dodoma.)



Leo hatutasoma habari za mbolea wala za vyoo. Leo tutazungumza juu ya meno. Siyo meno yetu sisi, bali meno ya punda. Tunajua wengine mtacheka. Hata sisi wa Elimu ya Watu Wazima tulipoletewa jambo hili mara ya kwanza tulicheka. Tukaulizana, "Punda naye ana mganga wa meno?" Baadaye tuliacha kucheka. Sababu yake mtaisikia.

Wazee wetu walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Lakini tujiulize: punda akifa, mzigo wa kesho utafikaje?

PUNDA WAWILI

Kiangazi kilichopita, mama mmoja mwanakisomo mwenzetu alikuwa na punda jike. Punda yule alibeba madumu mawili ya lita 20 kutoka kisimani, safari mbili kwa siku. Hayo ni maji lita 80. Maji hayo yalitosha kupikia, kufulia na kunywesha mbuzi.

Punda akaanza kukonda. Mama akampa dawa ya minyoo. Hakunenepa. Akamwongezea mabua ya mtama. Punda aliyatafuna, kisha akayatema chini yakiwa madonge. Jirani mmoja akasema punda karogwa. Mwingine akasema ni mvivu tu, apigwe.

Wakati huo huo mzee mmoja wa kijiji hicho naye alikuwa na punda dume mwenye shida kama hiyo. Mzee alimfungua mdomo, akapapasa, akakuta gego lina ncha kali kama kisu. Hapo alikuwa amekwisha kugundua ugonjwa kuliko sisi sote. Tatizo lilikuwa ni kifaa. Mzee alichukua patasi na nyundo ya seremala, akaigonga ile ncha ili ikatike.

Ncha haikukatika peke yake. Gego lilipasuka mpaka kwenye fizi. Taya likavimba. Punda akaacha kula kabisa. Siku chache baadaye alikufa.

Mzee yule yuko hapa pamoja nasi leo. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kulisema jambo hili mbele yenu. Alisema, "Semeni, ili mwingine asichukue patasi." Tunamshukuru.

MDOMO WA PUNDA UKOJE?

Kabla ya kununua kifaa, lazima tujue kazi yake. Mtu hanunui jembe bila kujua shamba.

Punda ana meno ya mbele 12: sita juu na sita chini. Hayo ni ya kukatia majani. Nyuma yake kuna nafasi tupu, pale panapokaa lijamu ya farasi. Punda dume mara nyingi ana chonge 4 mahali hapo. Nyuma zaidi kuna magego 24: sita kila upande, juu na chini. Hayo ndiyo mashine ya kusaga.

Meno ya punda hayafanani na yetu. Sisi jino likishaota limeota. Jino la punda ni refu sana, na sehemu kubwa imefichika ndani ya taya. Kila mwaka linasukumwa nje kiasi cha milimita 2 hadi 3, na kila mwaka linalika kiasi hicho hicho kwa kutafuna. Ni kama kalamu ya risasi: inaisha kwa juu, nawe unazidi kuisukuma.

Sasa tatizo linatoka wapi? Taya la juu la punda ni pana kuliko la chini. Magego ya juu na ya chini hayakutani sawasawa. Pembeni hubaki sehemu isiyosagika. Sehemu hiyo hukua na kuwa ncha kali. Kwenye magego ya juu, ncha hutokea upande wa shavu. Kwenye magego ya chini, hutokea upande wa ulimi. Punda akitafuna, juu anajikata shavu, chini anajikata ulimi. Je, wewe ungekula?

Na tusisahau jambo moja kubwa. Punda asiyekula yuko katika hatari kuliko ng'ombe asiyekula. Akikaa siku mbili tatu bila chakula, mwili wake huanza kuyayusha mafuta yake kwa wingi. Mafuta yale hujaa katika damu na kuharibu ini. Punda wengi hufa kwa njia hiyo. Kwa hiyo punda aliyeacha kula si wa kungojea Jumatatu. Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

KIFAA CHA KWANZA HAKIUZWI

Kifaa cha kwanza ni jicho lako, mkono wako na pua yako. Hivyo havina bei. Tazama dalili hizi:

1. Punda anatema madonge ya majani yaliyotafunwa nusu.
2. Anakula polepole, au anakula akiinamisha kichwa upande mmoja.
3. Anakonda ingawa chakula kipo.
4. Mdomo unanuka.
5. Mavi yake yana nyuzi ndefu za majani yasiyosagika.
6. Taya limevimba, au usaha unatoka tundu moja la pua.

Ukiona dalili, simama ubavuni mwa kichwa chake, siyo mbele. Papasa shavu kwa nje, juu ya mstari wa magego ya juu. Bonyeza taratibu. Punda akishtuka na kuvuta kichwa, huenda ncha zinamchoma ndani.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Usiingize mkono wako katikati ya magego. Punda akifunga mdomo, vidole vimekwenda. Jambo la pili ni zito zaidi. Mnyama anayetokwa na mate mengi na kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Punda hupata ugonjwa huo, na ng'ombe pia. Mate yake yakiingia kwenye mchubuko wa mkono wako, unaweza kuupata, na ukishaanza kuumwa hakuna dawa ya kukuponya. Mnyama wa namna hiyo usimguse mdomo. Mfunge mbali na watu, umwite Bwana Mifugo. Ikiwa umekwisha kumgusa, jioshe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe.

KOSA LETU SISI

Punda wa mzee alipokufa, kikundi kiliamua kununua vifaa. Kilikuwa na fedha za alizeti kwenye akiba. Basi ndugu hawa walitutuma sisi, maana sisi ndio tunaokwenda mjini mara kwa mara.

Tulikwenda. Tukaingia duka moja la pembejeo. Tukakuta chuma cha kupanulia mdomo wa mnyama. Wengine hukiita "kifungua kinywa", lakini tusije tukadhani ni chai na mihogo ya asubuhi! Chuma kilikuwa kinang'aa. Bei ilikuwa nafuu. Hatukuuliza neno. Tukalipa, tukarudi nacho kijijini kwa furaha kama watu walioleta tarumbeta.

Bwana Mifugo alikitazama, akanyamaza. Halafu akauliza, "Hiki ni cha punda gani?" Kumbe kilikuwa cha farasi mkubwa wa Ulaya. Mabamba yake ya kuwekea meno ya mbele yalikuwa mapana mno kwa mdomo wa punda wetu. Komeo la upande mmoja lilikuwa linateleza. Alikibonyeza kwa mikono miwili tu, kikajifunga kwa kishindo, pa! Kama mkono wa mtu ungekuwa ndani ungevunjika.

Tulikirudisha dukani. Hawakukubali kurudisha fedha. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nasi tulikuwa tumewafundisha methali hiyo darasani.

Siku zote hizo punda wa yule mama aliendelea kukonda. Mama alianza kubeba dumu kichwani. Safari mbili za punda zikawa safari nne za mama. Darasani hakuonekana tena, maana jioni alikuwa bado yuko njia ya kisimani. Hapo ndipo tulipoacha kucheka.

Tuliona heri tujifunze kabla ya kununua tena. Tuliketi na Bwana Mifugo jioni mbili. Haya ndiyo aliyotufundisha.

VIFAA VYA KUNUNUA

Kwanza, TUPA MBILI. Hizi ndizo zenye kazi. Siyo tupa ya mbao ya seremala. Hiyo ni pana, pembe zake ni kali, nayo itachana shavu. Tupa ya meno ya mnyama ina mpini mrefu na kichwa kidogo chenye pembe za mviringo. Nunueni moja yenye kichwa kilichonyooka. Hiyo inafaa magego ya chini. Nunueni na ya pili yenye kichwa kilichopinda kidogo. Hiyo hufika magego ya juu. Kichwa kiwe chembamba. Mdomo wa punda ni mdogo kuliko wa farasi, na nafasi kati ya shavu na gego ni finyu.

Angalieni makali yake. Makali ya chuma cha kawaida huisha upesi. Makali ya madini yaitwayo tungsteni ni magumu, hudumu. Bora zaidi ni tupa ambayo kipande chake cha makali kimefungwa kwa skrubu. Makali yakiisha mnabadilisha kipande, mpini unabaki ule ule. Basi muulizeni mwenye duka, "Vipande vya kubadilisha mnavyo? Bei gani?" Akisema hana, fikirini mara mbili.

Pili, KIPANUA MDOMO KIMOJA. Kiwe cha saizi ya punda au ya farasi mdogo. Kabla ya kulipa fanyeni majaribio manne. Moja: kipanueni, kisha kibonyezeni kwa nguvu. Makomeo ya pande zote mbili yashike, yasiteleze. Mbili: pitisheni kidole kwenye kingo zote. Pasiwe na mahali panapokwaruza. Tatu: tazameni mikanda ya kufungia nyuma ya masikio. Iwe imara na yenye kukazwa. Nne: pimeni upana wa mabamba. Pimeni kwanza punda wenu nyumbani, upana wa meno ya mbele, kwa uzi. Chukueni uzi huo mpaka dukani. Sisi tungechukua uzi tusingepoteza fedha.

Kuna kipanua cha aina nyingine, kama kabari, kinachotiwa katikati ya magego ya upande mmoja. Bei yake ni ndogo. Lakini punda huking'ata kwa nguvu zote upande ule, na gego linaweza kuvunjika. Msikipende kwa sababu ya bei.

Tatu, TOCHI YA KICHWANI. Magego ya nyuma yako gizani. Ukishika tochi kwa mkono, mkono wa tupa unabaki peke yake. Tochi za kichwani siku hizi ni za bei ndogo, na nyingine huchajiwa kwa sola.

Nne, BOMBA KUBWA LA PLASTIKI LISILO NA SINDANO, kama lile la kunyweshea dawa. Ni la kusukutulia mdomo kwa maji safi. Mdomo uliojaa majani hauonekani ndani.

Tano, NDOO MBILI, BRASHI NA DAWA YA KUUA VIJIDUDU. Ndoo moja ni ya maji ya kusuuza. Nyingine ni ya dawa. Tupa ikitoka kwa punda mmoja isiende kwa mwingine kabla ya kuoshwa. Bwana Mifugo atawaambia dawa ipi isiyounguza mdomo, na ichanganywe na maji kiasi gani.

Sita, KAMBA LAINI YA KICHWANI. Hiyo tunaisuka wenyewe.

Basi. Hivyo ndivyo vifaa vya kijiji. Vinaingia katika sanduku moja la mbao.

VITU VYA KUTONUNUA

Wapo wanaosema, "Tununue mashine ya umeme, kazi iishe haraka." Ni kweli mashine hukwangua upesi. Lakini hapo ndipo hatari ilipo. Mashine hulipasha jino moto. Moto ukifika kwenye kiini cha jino, jino linakufa. Tena mashine inataka umeme, inataka maji ya kupoza, inataka punda achomwe sindano ya kumtuliza, na inataka mtu aliyesomea. Tupa ya mkono katika mkono uliofundishwa inatosha.

Msinunue koleo za kung'olea magego. Mzizi wa gego ni mrefu. Kung'oa ni kazi ya daktari wa mifugo, na sindano ya kutuliza ni yake pia. Tanzania tunayo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kazi ya uganga wa wanyama ina wenyewe waliosajiliwa. Kijiji kinanunua vifaa. Mtaalamu ndiye anayevitumia au kusimamia.

Na patasi? Patasi ibaki kwa seremala.

KUKWANGUA SIYO KULAINISHA

Hapa akina mama watatuelewa upesi kuliko akina baba. Jiwe la kusagia likiwa laini kabisa, linasaga? Halisagi. Mtama unateleza. Ndiyo maana tunaligongagonga upya ili liwe na makwaruzo.

Gego la punda ni hivyo hivyo. Uso wake wa juu una matuta magumu. Matuta yale ni makwaruzo ya jiwe. Yaachwe. Kinachoondolewa ni ncha za pembeni tu, zile zinazochoma shavu na ulimi. Mtu akikwangua uso wote mpaka uwe laini kama sahani, punda hatasaga chakula, na jino limepunguzwa bure. Kwa hiyo kukwangua ni kidogo. Ukipapasa pembeni na pako butu, acha.

Mdomo usiachwe umepanuliwa kwa muda mrefu. Kwangua dakika chache, legeza, punda apumzike, kisha endelea. Watu wasimame pembeni. Punda akirusha kichwa chenye chuma, chuma kile ni rungu. Tunakumbuka methali kwamba shukrani ya punda ni mateke. Punda hana kosa. Hajui kama unamtibu.

Mtaalamu akimaliza, muulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Jina lenyewe linatuonya. Kidonda kidogo tu kinaweza kuingiza ugonjwa huo.

MARA NGAPI?

Punda mzima atazamwe meno mara 1 kwa mwaka. Punda kijana wa miaka 2 na nusu hadi 5 anabadilisha meno. Huyo atazamwe kila miezi 6. Punda mzee wa miaka 15 na zaidi, naye kila miezi 6. Punda akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 30. Mzee asiye na magego mazuri apewe pumba zilizolowekwa na majani laini yaliyokatwakatwa.

NA NG'OMBE JE?

Ndugu mmoja aliuliza kama vifaa hivi vitatumika kwa maksai. Jibu ni kwamba ng'ombe hahitaji tupa. Ng'ombe ana meno 32. Juu mbele hana meno, ana ufizi mgumu tu. Chini mbele anayo 8. Ng'ombe pia hucheua, anatafuna mara ya pili.

Kwa ng'ombe tunatazama tu. Tochi na kamba vinatosha. Maksai mzee ambaye meno ya mbele yamelika mpaka kwenye ufizi, auzwe angali na nyama, kabla kiangazi hakijamkondesha. Ng'ombe mwenye uvimbe mgumu kwenye mfupa wa taya asipasuliwe kwa kisu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa vijidudu vilivyoingia katika mfupa kupitia jeraha la mdomo. Aitwe mtaalamu.

TUFANYE HESABU

Toeni daftari. Bei hizi ni za mfano tu. Nyinyi mtaweka bei mtakazoziona dukani.

Tuseme vifaa bora vyote vinauzwa shilingi 600,000. Tuseme kijiji kina punda 60.

600,000 ÷ 60 = 10,000.

Kila punda ni shilingi 10,000. Tuseme vifaa vitadumu miaka 5.

10,000 ÷ 5 = 2,000.

Kumbe ni shilingi 2,000 kwa punda mmoja kwa mwaka.

Sasa tuseme vipo vifaa hafifu vya shilingi 200,000, navyo huharibika baada ya mwaka 1. Kwa miaka 5 mtanunua mara 5.

200,000 × 5 = 1,000,000.

Vipi vya bei nafuu? Vile vya 600,000. Bei iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani siyo gharama yote. Gharama huonekana mtakapogawa kwa miaka.

Ongezeni pia fedha kidogo ya makali mapya na nauli ya mtaalamu. Sanduku lenye tupa butu ni mzigo tu.

Tena siku hizi punda si rahisi kumpata kama zamani. Punda wengi wa Afrika walichinjwa kwa ajili ya ngozi. Ngozi hizo hupelekwa China kuchemshwa, na gundi yake hutengenezewa dawa. Mwezi Februari 2024 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha uchinjaji huo kwa miaka 15. Basi punda uliyenaye, mtunze.

MWISHO WA HABARI YA MAMA

Mtataka kujua yule punda jike alifikia wapi. Bwana Mifugo aliazima tupa na kipanua kwa mwenzake wa wilayani. Alikuja navyo kwa pikipiki. Tulimshika punda chini ya mwembe. Ndani ya shavu la kushoto palikuwa na kidonda, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Alikwangua kwa muda mfupi, akasukutua mdomo, akamfungua.

Punda alisimama kidogo. Halafu akaenda kwenye pumba zilizolowekwa, akala. Hakutema. Yule mama hakusema neno. Alikaa chini kwenye vumbi, akamtazama mpaka alipomaliza.

Baada ya hapo kikundi kilinunua vifaa vyake. Safari hii walikwenda watu watatu: Bwana Mifugo, yule mama, na yule mzee. Walikwenda na uzi. Maduka mawili waliondoka bila kununua. Duka la tatu walinunua.

Vifaa vimo katika sanduku. Kikao cha kikundi kilitafuta mtu wa kulitunza. Yule mzee alinyoosha mkono. Hakuna aliyempinga. Sasa ana daftari lake. Anaandika tarehe, jina la mwenye punda, na kazi iliyofanyika. Kila baada ya kazi anaosha tupa, anazikausha, anatia mafuta kwenye makomeo. Mwaka juzi mzee huyu alikuwa anaweka dole gumba. Leo anaandika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu kuna punda wangapi? Wangapi wanatema madonge ya majani?
2. Kwa nini tupa ya seremala haifai?
3. Kabla ya kununua kipanua mdomo mtafanya majaribio gani manne?
4. Fanyeni hesabu: vifaa ni shilingi 450,000, punda ni 50, vitadumu miaka 3. Kila punda ni shilingi ngapi kwa mwaka?
5. Nani atatunza sanduku, na ataandika nini katika daftari?

Ndugu wanakisomo, tumemaliza. Kabla ya kufungua mfuko wa kikundi, tufungue kwanza mdomo na kuuliza. Sisi hatukuuliza, na mmeona.